Albamu Tupu ya Mama

Mwanangu, nimesikia umehamia Magara, na kila alfajiri unatoka na simu kupiga picha mtaa ambao bado huujui. Watu wamekuja kukushtaki kwangu, eti unazurura. Waache waseme. Mimi nilizurura hivyo kabla hujazaliwa, na asubuhi moja ya siku zile haijanitoka kichwani mpaka leo. Kaa nikuhadithie.

Tulikuwa tumerudi Rumonge, hapa Burundi, kutoka Tanzania, mimi na mama tu. Baba tulimzika kule kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipata kiwanja kwenye mtaa mpya, karibu na wanapokamua mawese, tukajenga nyumba ya vyumba viwili. Mama aliipenda nyumba, ila mtaa haukumwingia moyoni, maana hakumjua mtu hata mmoja. Sasa, unajua kwetu mgeni akifika, kabla chai haijachemka anapewa albamu aangalie: huyu ni babu, hii ni harusi ya shangazi, huyu hapa siku ya ubatizo. Sisi picha zetu zote zilipotea njiani. Mama akanunua albamu sokoni hivyo hivyo, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma, tupu kabisa.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mwanamke wa kanisani. Akaichukua, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akaifunga polepole na kuirudisha mezani. Mama aliona aibu hadi chai ikamwagika nje ya kikombe. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Mvua zikiisha narudi Tanzania. Kule angalau kuna kaburi la baba yako. Hapa hatuna mtu." Akafunga nguo zake nzuri kwenye furushi, akaliweka nyuma ya mlango. Kila nilipofunga mlango nililiona pale, na roho iliniuma. Nchi hii niliililia tangu utotoni kabla sijaiona kwa macho, na sasa nilikuwa karibu kuondoka tena, kwa sababu mama nisingemwacha asafiri peke yake.

Nilikuwa na kamera, ile ya filimu, niliyoachiwa na mpiga picha wa kambini ambaye nilimsaidia kwenye maharusi. Nikajiambia, kama shida ni albamu, basi nitaijaza. Kesho yake nikatoka kabla jua halijachomoza milimani. Nilipiga moshi wa mawese. Nilipiga mitumbwi ikirudi na taa zake, na mabati, na njia, na mbuzi, mbuzi wengi tu. Watu niliwapiga kwa mbali wakiwa wamenipa mgongo. Niliogopa kuwaomba, nikasema moyoni kwamba hii nayo ni picha.

Ufukweni nikamkuta mama mmoja wa Kikongo akitandaza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikauke. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Mama Faida, mtu wa Fizi, anayejulikana na pwani nzima kwa mdomo wake. Nikanyata nyuma yake, nikainua kamera. Hakugeuka hata kidogo.

"Weye mutoto," akasema, mikono ikiendelea na kazi, "hiyo mugongo yangu utaipeleka wapi?"

Nikaishusha kamera.

"Sura iko huku mbele. Na jina niko nalo. Mutu hapigwi picha kama mbuzi. Kwanza unasema amahoro, unaniambia weye ni mutoto wa nani, halafu mimi nafunga kitenge vizuri. Ndiyo unapiga."

Basi nikamsalimu, amahoro. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani na tumetoka wapi, na sijui ilikuwaje, nikamwambia na habari za albamu na za furushi. Mama Faida akanawa mikono ziwani, akafunga kitenge chake upya, akasimama wima, akanitazama usoni mpaka nikabonyeza. Kisha akamwachia mwenzake ndagala, akanishika mkono, akanirudisha njia ile ile niliyopita nikijificha.

"Huyu ni binti wa yule mama wa karibu na mawese," alisema kila mlango. "Toka nje, uchukuliwe picha."

Na walitoka, mwanangu. Vijana wa mawese walinawa nyuso wakagombania chanuo. Mzee mmoja alirudi ndani kuvaa koti aliloolea, vifungo vikagoma kufika, akacheka mwenyewe. Mpaka filimu inaisha nilikuwa nimeambiwa majina mengi kuliko niliyoweza kushika, na kila mmoja nilimwambia: Jumapili njoo kwetu uone.

Filimu ikaenda Bujumbura kwa basi, ikarudi picha. Nikazipanga kwenye albamu bila kumwambia mama. Za migongo sikuziweka hata moja. Ukurasa wa kwanza niliuacha wazi.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Mama alifikiri wamepotea njia. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa mikekani nje, na albamu ikapita mkono kwa mkono. "Huyu ni miye," alisema mmoja, "nakaa pale penye ukuta mwekundu." Mama aliweka kidole kwenye picha, akainua macho akamwona mwenyewe amekaa mbele yake na kikombe cha chai, akaangua kicheko. Tangu tumzike baba sikuwahi kumsikia akicheka vile. Mimi nilikuwa pembeni, nimevimba kwa majivuno, na wala sioni haya kukuambia.

Halafu Mama Faida akafunua ukurasa wa kwanza. "Na weye mama," akauliza, "yako iko wapi?"

Mama akaangalia nguo zake za kupikia. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akalifungua lile furushi mbele ya watu wote, akatoa kitenge chake kizuri. Nami nilikuwa nimeshatia filimu mpya.

Furushi lile halikufungwa tena. Mama ameishi Rumonge mpaka amekuwa bibi wa mtaa mzima.

Kwa hiyo zurura, mwanangu, usimsikilize anayekukataza. Ila simu ikae mfukoni mpaka salamu imalizike. Sema wewe ni mtoto wa nani, uliza naye ni nani, halafu piga uso. Na picha usiifungie kwenye simu, mpelekee mwenyewe aione, maana hapo ndipo atakapokukaribisha ndani. Mungu akupe majirani wanaokuita kwa jina lako. Akujalie wageni wengi, na siku watakapofunua albamu yako, wajikute wamo.