Mgeni wa Kwanza wa Chumba cha Linet

Linet Ndila hakuumbwa kutulia. Nyumbani kwake Machakos kitanda hakimalizi mwezi mahali pamoja, na mumewe, Musili, alijifunza zamani kupapasa kwanza kabla ya kukaa. Siku moja aliketi mahali ambapo asubuhi palikuwa na kiti, akajikuta sakafuni. Watoto walicheka mpaka machozi. Linet hakuona, alikuwa anasukuma kabati.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa chumba cha mfano katika hoteli mpya ya ghorofa pale mjini. Mwenye hoteli, Bi Swabra, aliwapa wapambaji wawili chumba kimoja kimoja: Linet, na mtaalamu mmoja kutoka Nairobi. Ambaye chumba chake kingependeza zaidi angepewa vyumba vyote. Kwa Linet, kushindwa kulimaanisha kurudi Athi River, kiwandani, kushonea suruali za watu mifuko ileile mpaka uzeeni. Kazi hiyo aliiacha kwa mbwembwe, na majirani walikuwa wanamsubiri aanguke.

Siku ya ukaguzi hakula kitu. Aliondoa zulia, akalirudisha. Alishusha pazia la rangi ya udongo mwekundu, akaliona limepooza, akalipandisha tena. Kila kitu kilikuwa sawa na kila kitu kilimuudhi. Mwishowe akafanya alivyozoea tangu alipoanza kupamba nyumba za watu: akatafuta mtu wa kulala. Chumba, yeye husema, hakitoi siri zake mpaka mtu akilalie. Safari hii akampigia simu mama yake, Kasiva, aliyekuwa ameleta ndengu sokoni kutoka Katelembo.

Hapo alikosea njia. Kasiva hakulala mchana maishani mwake. Hata malaria ilimkuta na jembe mkononi. Na tangu afiwe na mumewe, usiku nao ulimkataa. Hugeuka huku, hugeuka kule, mpaka jogoo awike. Linet hakuokota barabarani ile hali yake ya kutotulia.

"Hii kitanda ni ya kulala ama ni ya kuangalia?" Kasiva aliuliza, akiikagua mito.

"Lala tu kidogo, Mwaitu," Linet alimwambia mama yake, "halafu uniambie."

"Na ndengu zangu? Nimeachia mtu."

"Mwaitu, tafadhali."

Linet akatoka, akaanza kupimapima ujia kwa miguu. Nia yake ilikuwa kurudi upesi, amwinue mama, atandike upya kabla Bi Swabra hajafika. Alipochungulia, almanusura apige yowe. Mito yote ilikuwa chini. Pazia lilipigwa fundo, dirisha lilikuwa wazi, vumbi la barabara lilijiingilia litakavyo. Kiti cha mahameli kiliburutwa hadi kando ya kitanda, kikatundikwa leso na kiondo. Na juu ya shuka nyeupe Kasiva alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, akikoroma.

Linet akanyoosha mkono amwamshe. Mkono ukabaki hewani. Hakuwahi kumwona mama yake amelala. Utotoni alilala akimwacha macho, akaamka akamkuta macho. Leo uso ule haukuwa na kazi yoyote, na Linet aliupenda.

Akasikia viatu vya visigino kwenye ujia, akatoka na kuufunga mlango.

"Linet, fungua nione," Bi Swabra alisema. "Nina safari ya Mombasa sasa hivi. Yule wa Nairobi nimeshamtembelea, amejitahidi sana."

"Samahani, Madam. Kuna mgeni ndani, amelala."

"Mgeni gani, na hoteli hatujafungua?"

"Ni mama yangu." Linet alikaza mkono kwenye kitasa. "Tangu Baba atuache hajui usingizi. Mimi siwezi kumwamsha. Kama ni kukosa kazi, wacha nikose."

Bi Swabra akakunja uso. Kisha mkoromo ukapenya mlango, mzito, wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Bi Swabra akasogeza sikio, akasikiliza. Akainama, akavua viatu vyake, akavishika mkononi.

"Chumba nimekiona," akanong'ona. "Nikirudi, tupange hivyo vyumba vingine."

Akaondoka kwa kunyata. Linet akabaki peke yake, mikono ikitafuta kitu cha kusogeza. Hakikuwepo. Akaegemea mlango, akashuka taratibu mpaka sakafuni, akakaa. Jua lilitua, soko likafungwa, na Linet alikuwa bado amekaa palepale.