Kaskazini Haihami

Mume wangu si mtu wa kuomba vitu. Katika miaka kumi na miwili tuliyoishi Guangzhou aliniomba kitu kimoja tu: wiki mbili za mwanzo wa mwezi wa tisa, twende kaskazini kwa pikipiki.

Alikulia Makete, kwenye baridi inayogandisha maji ya kuku asubuhi, na kabla hatujaoana alikuwa fundi pikipiki. Hapa anauza spea kwa wateja wa nyumbani, katika jiji ambalo pikipiki zenyewe zilipigwa marufuku zamani. Mchana kutwa anashika pistoni na cheni, jioni anarudi kwa metro. Alisema mikono yake imeanza kumsahau.

Mpango aliuandika kwenye daftari la kaunta, lile refu. Tungepanda treni hadi Harbin, tukodi pikipiki, tufuate barabara ya msituni mpaka kwenye mto unaotenganisha China na Urusi. Lazima iwe mapema, alisema, mbu wakiwa wameisha na theluji haijaanza, siku zile chache ambazo miti ya kule inageuka manjano yote kwa pamoja. Aliandika kila kituo cha mafuta. Aliandika chupa ya chai, soksi za sufu, kilo mbili za sembe kwa sababu mimi bila ugali siku tatu hupati neno jema kutoka kwangu.

Glavu alizipata kwa ujanja wetu wa kila siku. Alimwambia laoban, yaani bosi, wa kiwanda kwamba anataka kuagiza nyingi, aonyeshwe sampo kwanza, akarudi na jozi mbili. Tukazijaribu kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Lubumbashi, kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ambako huwa tunakula mchana. Mume wangu alivaa, akafungua friza la samaki, akazamisha mikono hadi viwiko huku akitazama saa. Mama akatoka jikoni.

"Papa, unatiya mikono mu congélateur yangu juu ya nini? Ile samaki bantu banakulaka."

"Niko safarini, mama," akajibu, "nimebakiza dakika nne."

Nilicheka mpaka machozi. Ule ulikuwa mwaka wa kwanza.

Sasa niseme upande wangu. Mimi ni wakala wa mizigo, ofisi yangu iko kwenye jengo la Tianxiu, chumba ambacho ukitandika vitanda viwili kimejaa. Mwezi wa tisa ndio mwezi ambao mzigo wa Krismasi lazima uondoke, la sivyo utafika Dar watu wameshakula pilau. Simu hailali. Basi aliponiletea daftari nilimwambia, "Baba watoto, mizigo kwanza. Kaskazini haihami." Akakubali. Mwaka wa pili nikasema vilevile, mwaka wa tatu nikasema hata kabla hajafungua daftari. Hakununa. Alikuwa anageuza ukurasa na kuandika mpango upya, kwa bidii ileile, kama mtu anayepanda mbegu baada ya mvua kumdanganya.

Na katika miaka hiyohiyo alianza kugongagonga vitu. Kwenye korido za Tianxiu, palipojaa maboksi, alijikwaa kila siku. Alimwaga chai. Alipishana na rafiki yake wa miaka mingi asimsalimie, na yule bwana akaja kwangu kulalamika. Mimi ni mkali, sifichi. Nilimsema mbele ya wateja: "Macho yako ni ya mapambo?" Watu wakacheka, naye akacheka nao. Usemi ule ukanikaa mdomoni, nikawa nautumia kila mara.

Mwaka huu, mwezi wa nne, nilimwambia haya, twende, nitamwachia mtu ofisi. Sikumbuki kwa nini nililegea. Labda niliona aibu. Alikwenda siku ileile kushughulikia leseni, maana ya nyumbani hapa haifai kitu bila kubadilishwa, na ili wakubadilishie lazima kwanza upimwe macho. Nilimsindikiza.

Ukutani palikuwa na zile alama za kupimia, kama herufi E, nyingine zinatazama juu, nyingine chini, nyingine kando. Unaziba jicho moja na kuonyesha kwa mkono zinakoelekea. Aliziba la kushoto, akaonyesha vizuri. Akaziba la kulia. Muuguzi aliyekuwa akimpima akagusa alama kubwa ya juu kabisa kwa fimbo yake. Mkono wa mume wangu ukainuka, ukasita hewani, kisha ukaelekea upande mmoja kama wa mtu anayemwelekeza mgeni njia ambayo yeye mwenyewe haijui. Muuguzi akagusa tena. Nilitaka kumwambia ni chini, inatazama chini.

Hospitali walituambia ni presha ya macho. Kichina changu ni cha bei na cha kukataa bei, hakikunisaidia pale, kwa hiyo daktari aliandika kwenye simu ikatutafsiria. Ugonjwa huu hauumi. Unakula kuanzia pembeni, pole pole, na mtu hajui. Kilichopotea hakirudi. Jicho la pili nalo limeanza, dawa ya matone itajaribu kulishikilia. Kisha akaandika swali: kwa nini hamkuja miaka mitatu iliyopita?

Nilisoma swali lile mara mbili. Miaka mitatu iliyopita tungekwenda kwenye ile leseni, na ile leseni ingetupeleka mbele ya zile alama ukutani. Safari yenyewe ilikuwa imeshika mkono wake, nami ndiye niliyeuachanisha, kwa ajili ya maboksi ya watu. Nyumbani nilifungua daftari. Mwandiko wa mwaka wa kwanza ni mdogo, umepangika. Wa mwaka wa tatu, vituo vitano tu vimejaza ukurasa mzima. Na daftari lile lilikuwa mbele yangu kila mwaka.

Mwezi wa nane sikuchukua mizigo mipya ya watu. Nilitafuta mpaka nikampata dereva wa Harbin mwenye pikipiki ya kigari cha pembeni, mmoja wetu akae humo, mwingine nyuma ya dereva. Nikakata tiketi za treni. Nikamwekea mume wangu zile glavu mezani, nikamweleza yote, na nikamwambia nisamehe.

Alizipapasa glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine.

"Mama watoto," akasema, "mwaka huu hospitali imetula sana. Mizigo kwanza. Kaskazini haihami."

Hakuwa ananisuta. Laiti angenisuta, ningejua pa kushika. Alikuwa ananituliza, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeyaamini miaka yote ile.

"Kontena la Krismasi linafungwa lini?" akauliza.

Nikamwambia Ijumaa.