Ncha Iliyozoea Kiganja

Fundi Ncha hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililomponza. Watu humsifu mtu mkimya, eti ana busara. Wapi! Wengine ni wakimya tu, basi.

Jina hilo alipewa karakanani, ghorofa ya pili ya jengo lililonuka spiriti na plastiki iliyoungua, ambako watu tisa walitengeneza vifaa vya hospitali. Wenzake walishughulika na vitu vizima. Yeye miaka sita alihangaika na ncha tu, kipande kisichofika urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho.

"Wenzako wanaolewa, wewe umeposwa na mrija," mkuu wa karakana alikuwa akimtania.

"Mrija haunipigii kelele," alijibu, akainama tena kwenye darubini.

Mrija wenyewe ni katheta, ule wa plastiki unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu ili dawa iingie. Ukiwa na ncha ngumu, ukifika kwenye kona ya mshipa haupindi, unachoma mbele kwa mbele. Mshipa wa kijana mwenye afya unaweza kustahimili. Mshipa uliochoka unachanika kama gazeti lililolowa.

Mama yake alikuwa na mishipa iliyochoka. Miaka minne ya kutundikiwa dawa ilikuwa imemaliza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha miguu. Manesi walipiga piga ngozi yake kwa vidole, wakafunga mpira, wakafungua, wakaitana. Sasa ulibaki mshipa mmoja mkubwa shingoni, na daktari hakuzunguka mbuyu. "Huu ukiharibika, mama, hatuna pengine pa kupitishia dawa." Bila dawa, kila mtu alijua kinachofuata.

Basi ile ncha haikuwa ncha tu. Binti alikuwa anakimbizana na muda kuuokoa mshipa mmoja.

Plastiki aliyoichagua ilikuwa na tabia yake: ikipata joto la mwili inalegea kama jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto. Ikigusa ukuta wa mshipa inapinda na kuteleza. Mezani kwake alikuwa na mishipa ya bandia, mirija inayoonyesha ndani, yenye kona kali na maji yanayozunguka. Kila asubuhi aliwasha mtambo, na wakati anasubiri maji yapate joto, alichukua pakiti ya kujaribiwa, ikiwa bado imefungwa, akaifumbata kiganjani. Hakuwa akifikiri. Wengine wakisubiri hutafuna kalamu; yeye alifumbata pakiti. Kisha aliandika kwenye fomu joto la maji, saa, na nguvu iliyotumika. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kiganja.

Majaribio mia nne, hakuna hata ukuta mmoja uliotobolewa. Kamati ya hospitali ikaruhusu wagonjwa kumi wa mwanzo, waliokubali kwa hiari yao.

Wagonjwa saba walikwenda salama. Kila mara Fundi Ncha mwenyewe alitoa pakiti kwenye friji ya stoo, zilimohifadhiwa plastiki isiharibike kwa joto, akapanda nayo wodini, akasimama kando ya kitanda huku ameifumbata, mpaka nesi aliponyoosha mkono. Mgonjwa wa saba, mzee mmoja mcheshi, alimuuliza, "Umeshika nini hapo, pipi?" Wodi nzima ilicheka, naye akacheka. Hata hapo hakujiuliza ameshika nini.

Mama alitaka kuwa wa nane. "Unawafanyia watu baki, mimi mamako nisubiri nini?"

Kanuni ilikuwa wazi, na ilikuwa ya haki: ndugu wa mgonjwa hashiki kifaa wala haingii chumbani. Fundi Ncha alikaa kwenye benchi la mbao, akautazama mlango. Nesi aliyepangwa siku hiyo ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Alitoa pakiti kwenye friji, akafuata maelekezo mstari kwa mstari, hakuruka hata neno. Ndani ya dakika chache mlango ukafunguliwa kwa kishindo na watu wakaanza kukimbia.

Damu ilikuwa imevujia kifuani. Waliizuia, lakini mshipa ulikuwa umekwisha. Daktari alivua barakoa akaishika mkononi.

"Ncha haikupinda, fundi," alisema. "Ilipita moja kwa moja. Pole sana."

Aliteremka stoo kwa ngazi, maana hakuweza kusubiri lifti. Alichukua pakiti kwenye friji, akaichana papo hapo, akaikandamiza ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ngumu kama njiti ya kiberiti. Akachukua ya pili, na mkono wake, bila kuambiwa, ukajifumba. Hapo akautazama. Alisubiri dakika mbili, akafungua. Ncha ililegea. Ikitoka kwenye friji moja kwa moja, ilifika kwenye kona ya mshipa kabla joto la mwili halijailegeza. Akakaa juu ya maboksi ya glavu, akalia kwa sauti, na mtunza stoo akatoka akamwachia chumba.

Mama aliishi siku tisa. Siku ya tatu Fundi Ncha alimweleza yote, maana kosa la namna ile haliwezi kukaa kifuani. Alimweleza friji, fomu, benchi, kiganja. Mama alisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa unaipasha mkononi?"

"Ndiyo, mama. Sikujua kama naipasha."

Mama akacheka kidogo, kicheko kilichomuuma kifua. Maisha yake yote alikuwa yaya, amelea wachanga wa nyumba kumi na moja, na kabla ya kumpaka mtoto mafuta aliyaweka kwanza kiganjani, akafumba, akasubiri. Kitu baridi hakiwekwi kwenye mwili wa mtu, alikuwa akisema, anashtuka. Binti yake alikulia chini ya mikono hiyo.

"Hilo umelitoa kwangu," alisema. "Mimi nilikuwa nawaambia wale akina mama wenye watoto. Nawaambia mpaka wananichoka. Wewe ungesema tu, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Sasa nenda ukawaambie."

Hakwenda siku hiyo. Alibaki ameushika mkono wa mama, ule wa kulia wenye makovu ya sindano. Siku ya tisa mkono ulipoanza kupoa, aliufumbata kwa viganja vyake vyote viwili, dakika mbili, kisha nyingine mbili, mpaka nesi alipomshika bega.

Majuto ni mjukuu, wasema, huja kinyume. Majaribio yalisimamishwa, yakachunguzwa, yakaanza upya. Katheta ile sasa inatumika hospitali nyingi, na kwenye karatasi ya maelekezo kuna mstari wa nne alioandika yeye: *Fumbata pakiti kiganjani, ikiwa imefungwa, kwa dakika mbili kamili.* Walimshauri waweke kisanduku cha umeme cha kupashia. Kiliwekwa. Mstari hakukubali ufutwe, maana umeme hukatika.

Mwaka jana alitumwa kukagua vifaa katika hospitali ya mbali asikojulikana. Alipopita wodini alimwona nesi kijana amesimama kando ya kitanda cha mama mmoja mzee, ngumi ameifumba kifuani, midomo inahesabu.

"Unangoja nini, mwanangu?" mgonjwa alimuuliza.

"Ipate joto, mama," nesi alisema. "Isikushtue."

Fundi Ncha alitoka akasimama kwenye korido, uso ameuelekeza ukutani. Mwenyeji wake alimuuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa, akabaki pale mpaka dakika mbili zilipokwisha.