Leipzig kwa Miguu, Jijini Saint Paul

Tuanze kwa kuliweka jambo hili sawa, maana limekwishapita midomo mingi huku Minnesota, kutoka New Hope hadi Oakdale, na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Avelina, mjane wa Eliakim Mlay, hakurukwa na akili. Hakuwa akiusujudia ukuta. Wala hakuwa akikutana na mwanamume katika maghorofa ya Saint Paul siku za Jumamosi, na waliosema hivyo wangekumbuka kwanza kwamba alikuwa na magoti mabovu na viatu vya theluji vizito kama pasi ya mkaa. Alikuwa anatembea, basi. Mkononi alikuwa na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Eliakim alisomea udaktari wa mifugo mjini Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, tangu mwaka 1976 hadi 1982. Avelina alikuwa chuo cha ualimu kule nyumbani Kilimanjaro, na kwa miaka sita yote uchumba wao ulikuwa wa barua. Eliakim aliporudi walioana, binti yao Careen akazaliwa, na Avelina akafundisha jiografia Moshi mpaka mume wake alipopata nafasi ya kusoma zaidi Minnesota. Wakaja kwa miaka miwili. Ikawa kumi na tano.

Muda wote huo Eliakim alikuwa na ahadi moja. "Nitakupeleka Leipzig," alikuwa akisema, hasa wakiwa wamenuniana. "Nitakutembeza mji mzima kwa miguu, hatuhitaji kiongozi." Kila mwaka ukazuka na sababu zake. Mwishowe, mwaka 2003, aliandika barua kwa ofisi ya wageni ya mji ule, nao wakamtumia karatasi ya kukunja iliyokuwa na ramani, mishale na vituo kumi na viwili vyenye namba, kwa ajili ya mgeni anayetaka kujitembeza mwenyewe. Kila kituo kilikuwa na maelezo mafupi na umbali wake kwa mita. Eliakim akakaa nayo mezani majuma mazima, akiandika pembeni kwa kalamu ya wino. Kwenye namba moja, stesheni kuu ya treni, aliandika: "Hapa nilifika na koti la kuazima." Kwenye namba tatu, Kanisa la Mtakatifu Nikolao: "Nguzo za ndani zina makuti juu, kama minazi. Nilikuwa naingia kuota joto, nikisingizia sala." Baada ya namba kumi na mbili aliongeza yake, namba kumi na tatu, posta, na mita zake: "Hapa nilitia barua zako. Zote."

Safari ilipangwa Mei 2005. Oktoba iliyotangulia, akiwa anakusanya majani uani kwao Maplewood, moyo wake ulisimama. Walimrudisha Machame, wakamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo wao, kama ilivyo desturi, na baada ya wiki tatu Avelina alirudi Marekani kwa sababu ofisi ya jimbo, mjini Saint Paul, alikokuwa akifanya kazi haikuwa na siku nyingine za kumpa. Likizo ya mwaka huo na ya mwaka uliofuata ilikuwa imekwishia msibani. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini hakupanda tu ndege akaenda, jibu ndilo hilo.

Januari alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauugusi. Jumamosi moja alipita ofisini kuchukua glavu alizosahau, na wakati wa kutoka alijikuta amesimama kwenye daraja la vioo. Saint Paul ina madaraja kama hayo mengi, wenyeji huyaita skywei. Yamejengwa juu ya barabara kuunganisha ghorofa na ghorofa, ili mtu avuke mji mzima wakati wa baridi bila kutoa pua nje. Jumamosi huwa hayana watu. Avelina alitazama ile njia ndefu tupu yenye mwanga mweupe, akakumbuka maneno ya mume wake: Leipzig ina pasaji zilizoezekwa kwa vioo, mtu anapita chini ya majengo, anatokea uani kwa wengine, anaingia tena. Akafungua mkoba. Karatasi ilikuwamo. Ilikuwamo tangu msiba.

Mwalimu wa jiografia hatembei ovyo. Nyumbani alipima hatua yake kwa rula, akapata sentimita sitini. Akageuza mita zote kuwa hatua, akaziandika kwa penseli. Jumamosi iliyofuata, daraja lililo karibu na ofisi yake likawa stesheni kuu, na kutoka hapo akahesabu. Kanisa la nguzo za makuti liliangukia kwenye duka la maua lililofungwa. Jumba la zamani la halmashauri, ambalo Eliakim alipenda kusema mnara wake umekaa upande kama mtu mwenye mgongo mbovu, likaangukia mbele ya saa ya benki. Kanisa la Mtakatifu Tomaso likawa ukumbi wa kulia chakula wenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Kila kituo alisimama, akasoma Kijerumani kwa sauti, polepole, jinsi mume wake alivyomfundisha, kisha akasoma maneno ya wino. Namba kumi na tatu ilimpeleka kwenye jengo la zamani, penye sanduku la barua la shaba iliyong'arishwa na mikono ya watu, lililopachikwa ukutani kando ya lifti. Hapo ndipo alipokaa zaidi.

Hapo ndipo pia alipoonwa na Jedidah.

Jedidah ni Mkenya wa New Hope, anatunza wazee, na si mtu mbaya. Alikuwa anakata njia kurudi kwenye gari lake akitoka kazini. Alimwona Mama Careen amesimama mbele ya sanduku, ameweka kiganja juu yake, anasema. Kabla ya saa nane mchana simu zilikuwa zimelia nyumba tisa.

"Woiye, ni yeye, nawaambia! Sikuota. Anaongea na ukuta, halafu ananyamaza kama anajibiwa. Na si Kiswahili. Sijui ni mapepo gani hayo. Mimi niliogopa hata ku-greet, nika-drive tu nikaenda."

Katika siku za kawaida Avelina angeyaacha maneno hayo yajifie. Lakini mwezi huohuo barua ya posa ya Careen ilikuwa imeletwa na kupokewa. Kijana ni Mwita, Mkurya wa Tarime, mhandisi, mpole. Wazee wake walikuwa waje rasmi Jumamosi ya pili ya Februari. Hawakuja. Hawakupiga simu. Jumamosi ya tatu nayo ikapita kimya.

Avelina hakuhitaji kuambiwa. Kabla ya ndoa, watu huchunguza ukoo, na jambo la kwanza wanaloliuliza ni kichaa. Mama yake mwenyewe aliwahi kumfukuza mchumba wa dada yake kwa sababu babu wa kijana alisemekana kuokota makaratasi njiani. Walicheka sana wakati ule. Sasa karatasi ilikuwa yake.

"Mami, just tell them," Careen alisema, macho mekundu. "It's Dad's map. That's all you have to say."

"Nimwambie nani? Niende mlango kwa mlango na vyeti vya akili?"

"They think you're sick!"

"Baba yako hajamaliza miezi mitano kaburini. Sitamtembeza mdomoni mwa watu ili nionekane mzima."

Careen alilia chumbani. Avelina aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwishaoshwa. Usiku hakulala vizuri, na alipoamka alikuwa amechoka na kiburi chake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, bila taarifa, shangazi yake Mwita aligonga mlango. Victoria alikuwa muuguzi, mkazi wa Oakdale, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Alikuja na keki. Alikunywa chai, akasifu mapazia, akauliza hali ya Machame, akasifu mapazia tena.

"Dada Victoria," Avelina alisema, "mapazia hayo umeyasifu mara mbili. Umetumwa kuja kuniangalia."

Victoria aliweka kikombe chini. "Nimejituma. Wanaume wangekuja watano, wangekaa hapa kama mahakama. Mama Careen, kijana wetu hali chakula. Mimi nimesema niende nikamwone kwa macho yangu."

"Na umeonaje?"

"Naona mtu aliyechoka."

Avelina alisimama, akachukua koti. "Vaa viatu vyako. Unaweza kutembea?"

"Natembea wodini masaa kumi na mawili, wewe."

"Haya."

Waliendesha gari hadi Saint Paul. Kwenye daraja la kwanza Avelina alikunjua karatasi, akampa Victoria aishike upande mmoja. "Hii ni stesheni kuu ya Leipzig," alisema kwa sauti ya darasani. "Mume wangu alishuka hapa mwaka 1976 akiwa na koti la kuazima. Sasa ni hatua mia tano na kumi. Hesabu."

Victoria alihesabu. Kwenye duka la maua alisomewa habari za nguzo za makuti, akacheka. "Alisingizia sala! Kumbe mzee alikuwa mjanja." Mbele ya saa ya benki alianza kuchechemea. Kwenye ukumbi wa viti alipindua kiti kimoja, akakaa, akahema. "Huu mji wenu ni mkubwa, Mama Careen. Hawana basi?"

"Lipo. Yeye hakuwa na hela ya basi."

"Basi twende, nisije nikamzidi marehemu uvivu."

Kadiri walivyokwenda, Victoria alianza kusoma mwenyewe maneno ya wino, midomo ikicheza. Walipofika kwenye lifti aliisoma namba kumi na tatu, akaliangalia sanduku la shaba, akamwangalia Avelina, na kicheko chote kikamtoka usoni.

"Zote?" aliuliza.

"Mia mbili na sita. Ninazo."

Victoria aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, akasugua vidole. "Tunakuja Jumamosi ijayo," alisema. "Wote watano. Andaa chai nyingi, wanakula hao. Na yule atakayetaja neno kichaa mbele yangu, nitamtembeza hapa vituo vyote, bila viatu."

Avelina aliitikia kwa kichwa tu.

"Lakini moja," Victoria alisema, akivaa tena kiatu. "Yule Mkenya kasema ulikuwa unasema na hili sanduku. Si kusoma, kusema. Wataniuliza. Ulikuwa unamwambia nini?"

Avelina aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia mkobani, akafunga zipu.

Careen aliolewa Agosti mwaka huo. Kanisani bado wapo wanaomsogelea Avelina baada ya ibada, sahani ya pilau mkononi, wakitaka kusikia mwisho wa ile habari ya Leipzig. Wote hupata jibu alilopewa Victoria mbele ya lifti.

"Mji nimekuonyesha. Barua zilikuwa zangu, na majibu ni yangu. Hayo sisemi."