Mfupa na Mistari Miwili

Juzi mjukuu wangu aliniwekea daftari lake mapajani: mistari miwili inakatana, tafuta mlinganyo wa mstari wa tatu unaopita palepale na kwenye sifuri. Sijamaliza hata kusoma, nikajikuta nanusa vidole vyangu. Usicheke, rafiki yangu. Hesabu ile ina harufu.

Enzi za Wabelgiji, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, nilisoma shule ya mapadre, karibu na kwetu Kamalondo. Asubuhi moshi wa kiwanda ulitukwaruza koo, na mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, huku akinihimiza ninawe miguu. Shuleni Kiswahili kilikatazwa. Aliyenaswa akikisema alivalishwa shingoni mfupa wa ng'ombe wenye kamba, akatolewa nje mpaka kengele. Mfupa wenyewe haukuoshwa kamwe. Ulikuwa na utelezi wa jasho la shingo zetu zote, na nzi waliujua. Uchafu gani ule!

Siku hiyo mwalimu wetu, Mbelgiji, alikuwa anachagua mmoja wa kwenda shule ya juu. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Aliandika ubaoni swali kama hili la mjukuu: x + y = 4 na x − y = 2. Mimi nilikwisha pata: ukijumlisha, x ni tatu na y ni moja, basi mstari unaotoka sifuri mpaka pale ni x = 3y. Jirani yangu wa benchi alitokwa jasho tu. Nikamhurumia, nikamnong'oneza kwa Kiswahili chetu cha mtaani.

"Avenue mbili zinakutana ku robiné ya maji. Tafuta robiné kwanza, kisha toka ku nyumba uende pale moja kwa moja."

Mwalimu alisikia. Kamba ikapita kichwani mwangu. Nikiwa nje, dirishani, nilimwona jirani yangu akienda ubaoni, akaandika x = 3y, akaisoma kwa Kifaransa safi. "Très bien!" Mwalimu akamsifu. Akachaguliwa yeye, wala hakugeuka kunitazama. Mchana nilishindwa kula bukari, ugali wetu, kwa sababu vidole vyangu vilinuka mfupa ule. Mwalimu yule ananichukiza mpaka leo, nasema wazi.

Robiné ya mtaa wetu haipo tena, mwalimu alirudi kwao, na mfupa sijui ulitupwa wapi. Basi nikamshika mjukuu mkono, nikaanza: avenue mbili zinakutana ku robiné... Akaangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Nkambo, sema mu Français. Mu Kiswahili batu habafanyake hesabu."

Nilimrudishia daftari lake, nikaenda kunawa mikono.