Mtungi Juu ya Kabati la Stanmore

Kazi ya kutunza wazee ilinipeleka Stanmore, pembeni mwa London, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa mzee wa Kihindi wa Mwanza aliyekuwa amepofuka. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu, ambao wananijibu kwa Kiingereza. Mwanza aliuza vyombo vya nyumbani. London alijinunulia kimoja cha kukaa nacho tu, mtungi wa maua wa Kijapani, wa miaka mia saba na ushee. Ulikaa juu ya kabati. Siku ya kwanza binti yake alinionya: baba mikono inamtetemeka, mtungi usishushwe.

Basi kila tukimaliza chai mzee ananiambia, "Mama, hebu nisomee." Nasimama pale namsimulia: maua yaliyochorwa kwa kijiti udongo ukiwa mbichi, rangi ya kijani cha mlenda iliyochuruzika mpaka kiunoni ikagandia hapo. Ananisahihisha. Hiyo si rangi, ni majivu ya kuni, moto umeyageuza kioo. Na mfinyanzi alipandisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akazilainisha kwa mkono.

"Ukipapasa ubavuni utavisikia vidole vyake," alisema. "Macho hayavioni."

Siku moja akaomba. "Nipe niupakate kidogo. Nitakaa kitandani, hautaanguka."

Nikamwambia, "Mwanao amekataza."

"Mwanangu yuko kazini, mama."

Kitandani, na mito pande zote, hatari gani? Lakini nilikuwa na watoto wawili, na kazi ile nimeihangaikia, nikafyata mkia. Nikajifanya naenda kuangalia sufuria. Akaomba tena kesho yake, na wiki iliyofuata, kwa adabu ile ile, kama mtu anayeomba sukari. Kila mara namjibu, "Kesho, mzee, tutaona." Mwongo mkubwa mimi. Nilijua kesho hiyo haipo.

Alifia hospitalini, kwa nimonia. Roho inaniuma mpaka leo, na usiniambie nilifuata amri; hilo nalijua na halinisaidii kitu.

Baada ya msiba nilikwenda kurudisha funguo. Binti yake akaushusha mtungi, akausogeza dirishani, akaukagua juu mpaka chini. Kisha akanikumbatia, analia. Alisema wasaidizi wote waliopita hakuwaamini, ila mimi nililishika neno lake.

"Hauna hata alama ya kidole," akasema.

Nikamwambia asante.