Papa Alipotutafsiria Kitamil

Kwa nini wanaume wenye mapanga waje kumsaidia mtu kuvuna? Swali hilo lilinikasirisha.

Nilikuwa bado mtoto, na tulikuwa sebuleni kwetu Norsborg, huku Uswidi, nyumba ikinuka ndakala za kukaanga, wale dagaa wa nyumbani, tukitazama filamu ya Kitamil tuliyoazima kwa jirani. Haikuwa na DJ wa kuitafsiri kwa Kiswahili, basi Papa akawa DJ wetu, ingawa Kitamil hakukijua hata neno moja.

"Hawa wamekuja kumsaidia mdogo wa shujaa kuvuna mpunga," alisema.

"Na huyo mdogo, juu ya nini analia?" niliuliza.

"Pilipili imemuingia machoni."

"Papa Neema, zima tu hiyo kitu," Mama alisema kutoka jikoni.

Akazima, pigano ndiyo kwanza linaanza. Nilimfokea kwa Kiswidi kwamba ni mwoga, anaogopa hata filamu.

Mwezi uliopita, sasa nikiwa mtu mzima, niliiona tena filamu ile kwa rafiki, ikiwa na maandishi ya Kiswidi. Yule mdogo anauawa kwa sababu ya shamba. Nilimpigia Mama simu nikiwa na hasira ileile: kwa nini mlitudanganya?

Ndipo aliponiambia kwamba baba yangu mdogo, ambaye siku zote tuliambiwa alikufa kwa malaria, alikatwa mapanga shambani kwake, na Papa alikuwa amelala kifudifudi katikati ya mihogo, akiona kila kitu.